Yeni 550,000 za Tezuka

Osamu Tezuka, mchoraji wa manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, alianza kuchapishwa mwaka 1946 akiwa na umri wa miaka 17. Alifariki Februari 1989. Katika miaka hiyo 43 anahesabiwa kurasa zipatazo 150,000. Ukigawanya unapata kurasa 3,488 kwa mwaka, karibu 10 kila siku, Jumapili na siku za kuugua zikiwemo. Ila wasaidizi ndio waliochora mandhari na kujaza weusi, kwa hiyo 10 kwa siku ni kazi ya ofisi nzima, si ya mkono mmoja.

Tarakimu inayobishaniwa zaidi ni nyingine. Tarehe 1 Januari 1963 kampuni yake, Mushi Production, ilianza kurusha katika televisheni filamu ya katuni ya Tetsuwan Atomu, ambayo nje ya Japani ilijulikana kama Astro Boy. Tezuka mwenyewe alisimulia kuwa kila kipindi cha nusu saa alikiuza yeni 550,000. Gharama ya kukitengeneza hutajwa kuwa takriban yeni milioni 2.5. Wakati huo pauni moja ilikuwa yeni 1,008, au shilingi 20 za Afrika Mashariki. Basi aliuza kwa shilingi 10,900 kitu kilichomgharimu shilingi 49,600. Bei ilifidia asilimia 22 tu ya gharama.

Ndipo linapozuka shtaka kwamba Tezuka alishusha bei kwa makusudi ili washindani wasimfuate, na kwamba mishahara midogo ya wachoraji wa katuni wa Japani hadi leo ni deni lake. Kabla ya kulikubali, tuipime ile 550,000. Mtafiti Nobuyuki Tsugata ameandika kuwa wakala wa matangazo aliongeza yeni milioni 1 pembeni, na malipo halisi yakawa milioni 1.55. Hapo fidia inapanda hadi asilimia 62. Bado ni hasara, lakini ni hasara ya aina nyingine.

Vipindi vilikuwa 193. Kwa bei ya kwanza pengo lote ni yeni milioni 376. Kwa bei ya pili ni milioni 183. Hesabu zote mbili zinachukulia kwamba bei na gharama hazikubadilika kwa miaka minne, jambo gumu kuliamini. Wala hazihesabu mapato ya leseni za kutumia sura ya Atomu kwenye bidhaa, ambazo mdhamini wa kipindi, kampuni ya peremende ya Meiji, alizitumia vizuri sana. Kutoka Marekani, kampuni ya televisheni ya NBC inatajwa kulipa dola 10,000 kwa kipindi. Kwa yeni 360 kwa dola, hiyo ni milioni 3.6, zaidi ya gharama nzima.

Gharama nayo ilibanwa. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Mushi ilishikilia mchoro mmoja kwa picha tatu, ikabaki michoro 8 kwa sekunde, kisha ikarudia michoro ya zamani kila ilipowezekana. Ubahili huu, kuliko bei yenyewe, ndio nionavyo mimi ulioenea kwa wengine.

Mushi ilifilisika Novemba 1973. Mwezi huohuo Tezuka alianza Black Jack, hadithi ya daktari wa upasuaji asiye na leseni, anayeweza kumdai mgonjwa yeni milioni 10 au zaidi. Kwa gharama za 1963 dai moja kama hilo lingelipia utengenezaji wa vipindi vinne vya Atomu. Inavutia kusema kwamba mufilisi alijichora akidai chake, na kwamba kufilisika ndiko kulikomtia katika maudhui ya watu wazima. Tarehe zinakataa. Manga yake Kirihito, juu ya ugonjwa na ufisadi wa madaktari, ilianza 1970. Ayako, juu ya ukoo unaomfungia binti ghalani, ilianza 1972. Elimu ya udaktari alikuwa nayo tangu ujana, na shahada ya uzamivu aliipata 1961.

Kufilisika hakukumfungulia Tezuka giza. Alikuwa ameshaliingia miaka mitatu kabla. Na ile 550,000 ichukuliwe kama ushahidi wa mtu mmoja aliyekuwa upande mmoja wa biashara.