Twitter ilipopata mmiliki mpya: funzo kwa kambi zetu za Mahagi



Safari hii tunaeleza jambo lililotokea mbali nasi, katika kampuni moja ya Marekani. Tunajua kwamba ni wachache sana kati yetu wanaotumia Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X. Lakini habari inayoanzia huko inaweza kufika mlangoni kwako kabla ya kupambazuka, na inaweza kukufanya ukimbie.

Katika kambi moja tunayoitembelea wilayani Mahagi, usiku mmoja iliingia picha ya nyumba zinazoungua. Chini yake iliandikwa kwamba washambuliaji wako njiani. Zaidi ya familia thelathini zilitoka gizani. Mama mmoja aliyekuwa amejifungua siku tatu tu zilizopita alitembea na mtoto kifuani mpaka asubuhi, na mvua ikawanyeshea. Kulipokucha, mwalimu mmoja aliikuza ile picha kwenye simu. Ukutani mwa duka palikuwa na maandishi ya lugha isiyozungumzwa popote Ituri. Picha ilitoka nchi nyingine. Aliyeituma hakuwa adui. Yeye pia alitumiwa na nduguye aliyeko ng'ambo, ambaye aliiona kwenye mtandao.

Ni nini kilichotokea Twitter?

Twitter ilianzishwa mwaka 2006. Aprili 2022 tajiri Elon Musk alikubali kuinunua kwa dola bilioni 44 hivi. Baadaye alitaka kujitoa, kampuni ikamshitaki katika mahakama ya jimbo la Delaware, na mwishowe ununuzi ukakamilika tarehe 27 Oktoba 2022. Siku hiyohiyo wakubwa wa kampuni walifukuzwa, akiwemo mkurugenzi mkuu Parag Agrawal.

Wiki moja baadaye, tarehe 4 Novemba, karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 waliachishwa kazi. Wengine waliondoka wenyewe. Aprili 2023 Musk mwenyewe aliiambia BBC kwamba wamebaki kama 1,500. Ofisi pekee ya Twitter barani Afrika, iliyokuwa Accra nchini Ghana, ilikuwa na watu wasiozidi 20, nao karibu wote waliondolewa, siku chache tu baada ya kuhamia katika jengo lao.

Musk alisema kampuni ilikuwa inapata hasara kubwa kila siku, na kwamba alitaka watu wawe huru kusema. Sisi hatukuandika haya ili kumhukumu. Tunaangalia kilichobadilika kwa msomaji.

Alama ya buluu

Fikiria soko. Mkuu wa soko hukagua mizani ya kila mchuuzi, na ile iliyo sawa huiwekea alama. Mama anayenunua maharagwe hana haja ya kuuliza, anatazama alama. Kisha soko linauzwa. Mwenye soko mpya anapunguza wakaguzi, na alama anamwuzia yeyote mwenye pesa. Mizani ya uongo na ya kweli sasa zote zina alama.

Twitter ilifanya hivyo. Zamani alama ya buluu ilitolewa bure kwa watu na mashirika maarufu, baada ya kuhakikisha kwamba mwenye jina ndiye kweli. Novemba 2022 ilianza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Mara moja mtu mmoja alijifanya kampuni ya dawa Eli Lilly, akatangaza kwamba insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, inatolewa bure. Kampuni yenyewe ilibidi ijitokeze kukanusha. Desemba 2025 Tume ya Ulaya iliitoza X faini ya euro milioni 120, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba alama hiyo inawadanganya watu.

Kuna jambo la pili. Tangu Julai 2023 kampuni huwagawia baadhi ya wanaolipia alama sehemu ya mapato yake. Kwa hiyo mtu anaweza kupata faida habari yake ikitazamwa sana, na habari ya kutisha hutazamwa upesi kuliko ya amani.

Ni kweli pia kwamba kampuni imewaachia watumiaji wenyewe kuandika masahihisho chini ya habari ya uongo. Hilo ni jema. Lakini picha ikishanakiliwa na kuingizwa WhatsApp, sahihisho linabaki nyuma. Picha inasafiri peke yake.

Si Twitter peke yake

Mwaka 2023 jijini Nairobi, kampuni ya Sama iliacha kazi ya kuchuja maandishi na picha za Facebook. Wachujaji 184 walikwenda mahakamani kupinga kuachishwa kwao. Facebook haikuuzwa, lakini funzo ni lilelile: watu wanaojua lugha zetu wanaweza kuondolewa katika siku moja, na uamuzi huo haufanywi hapa. Na mtu wa mbali, asiyejua Kialur, Kilendu wala Kiswahili chetu, atatambuaje kwamba neno fulani ni matusi kwa kabila la jirani?

Sisi watu wa Ituri tunajua neno la namna hiyo linafika wapi. Tuliona vita vya 1999 hadi 2003, na tangu Desemba 2017 familia nyingi zimekimbia Djugu, nyingine zikapokewa hapa Mahagi. Kwa hiyo kazi ya kuchuja habari imerudi mikononi mwetu.

Tufanye nini?

Hatusemi watu wakae wangoje hatari. Ukisikia milio ya risasi, ondoa watoto. Lakini habari inapokuja kwa simu tu, tunawashauri haya:

1. Uliza nani ameona kwa macho yake, wapi, na siku gani. Ujumbe wa sauti usio na jina wala tarehe usiupeleke mbele.

2. Piga simu kwa mtu aliye mahali penyewe: mwalimu, muuguzi, mchungaji, chifu. Kamati ya kambi iwe na namba hizo, na pesa kidogo ya kupigia. Watu wawili wasiojuana wakisema jambo moja, ni bora kuliko simu mia zenye picha moja.

3. Tazama picha vizuri: maandishi ukutani, mavazi, miti, namba za magari.

4. Sikiliza redio. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kiswahili pia. Redio inaweza kuchelewa, lakini unajua ni nani anayesema.

5. Habari ikiwa ya uongo, rais wa kambi aseme hivyo mbele ya watu wote, bila kumwaibisha aliyeileta. Akiaibishwa, kesho atanyamaza hata akiwa na habari ya kweli.

Kambi tuliyoitaja sasa ina daftari. Kila habari ya hatari inaandikwa: imeletwa saa ngapi, nani amepigiwa simu, amejibu nini. Yule mama aliyetembea usiku yuko katika kamati. Mtoto wake aliugua kifua siku nyingi, sasa amepona.

Maswali ya kuzungumzia katika kikao

Je, kambini kwetu habari ya hatari inapelekwa kwanza kwa nani? Tuna namba za watu wangapi katika vijiji tulivyotoka? Na je, tunawapigia simu pia majirani wa kabila lingine, au tunauliza watu wetu tu?