Fomu Kwanza, Rangi Baadaye

Natengeneza tovuti hapa Dar es Salaam, na siku hizi kazi inayonijia sana ni ya orodha: ya mafundi, ya zahanati, ya wapishi wa shughuli. Mteja huja na picha ya ukurasa anaoutamani, ramani na rangi zake zote. Mimi humwambia picha isubiri, tuanze na fomu.

Kazi yenyewe haihitaji kampuni kubwa. WordPress ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, na huongezewa uwezo kwa plagini. Hapa zinatakiwa plagini mbili zinazoelewana, moja ya fomu na moja ya maonyesho. Mimi natumia Gravity Forms na GravityView, zote za kulipia. Fundi anajaza fomu, majibu yake yanaingia kwenye kanzidata, kisha plagini ya pili inayachota na kuyapanga kama jedwali, kadi, au ukurasa wa kila fundi. Namba ya simu ikirekebishwa kwenye kanzidata, na ukurasani imebadilika.

Ugumu uko kwenye kuuliza. Weka kisanduku kitupu cha "Mahali" uone: mmoja ataandika Kariakoo, wa pili K/koo, wa tatu "nyuma ya sheli, ulizia Baba Sele". Mtu akichuja kwa Kariakoo, fundi wa K/koo hatokei ng'o. Ndiyo maana wilaya na kata nazifanya za kuchagua kwenye menyu: Temeke, kisha Tandika au Mbagala, hakuna kuandika. Ila ile sheli siitupi. Naipa kisanduku chake, "Alama ya karibu", ambacho hakichujwi, kinasomwa tu. Kibao cha mtaa na namba ya nyumba vipo siku hizi, lakini bodaboda bado anauliza sheli.

Majina ya kazi nayo yana mambo yake. Mteja mmoja alishaandaa menyu yake ya "Ujuzi", Kiswahili cha ofisini kitupu. Tukampa simu fundi mmoja wa Buguruni ajaribu kuijaza. Akaipitia juu mpaka chini, akarudi juu.

"Dada, mimi hapa simo."

"Si hiyo hapo, baba? Uchomeleaji wa vyuma."

"Aa, mimi natengeneza mageti. Mtu akija kwangu anauliza geti, au grili za madirisha."

Menyu ikaandikwa upya: mageti na grili, mabomba, friji na AC, umeme wa nyumbani. Orodha inatafutwa kwa maneno ya mwenye shida, si ya mwenye cheti.

Kwenye namba ya simu, kitufe cha kumfikisha mtu WhatsApp kwa kiungo cha wa.me kinataka namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Hakuna fundi anayetaja namba yake hivyo, na sioni kwa nini alazimishwe. Fomu ihakikishe tarakimu ni 10, halafu msimbo mfupi uondoe sifuri na kuweka 255.

Na kila jina lisubiri kuidhinishwa kabla ya kuonekana. GravityView ina sehemu hiyo. Bila hiyo, orodha ya mafundi itajaa waganga wa nyota na mikopo ya dakika tano.

Halafu kuna wanaotaka kuuliza kila kitu. Mteja yule wa menyu ya "Ujuzi" alitaka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, akidhani kwa kuwa haitaonyeshwa ukurasani, basi iko salama. Kuificha si kuifuta. Inabaki kwenye kanzidata, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye anayeikusanya. Nikamuuliza ataifanyia nini. Akasema labda baadaye itahitajika. Kisanduku tukakitoa, mahali pake tukaweka "Siku na saa za kazi".