Walipiga Juu, Iliangukia Wapi?

Kila Kampala ikichafuka naulizwa swali lile lile: “Si walipiga hewani? Sasa huyu amepigwaje akiwa kwake?” Nililisikia mno baada ya Novemba 18 na 19, 2020, mgombea urais wa upinzani, Kyagulanyi, alipokamatwa wilayani Luuka na mji ukalipuka kwa maandamano. Rais Museveni mwenyewe alitaja vifo 54, akakiri kwamba si wote walikuwa waandamanaji.

Wanaouliza huamini risasi iliyoelekezwa mawinguni huungulia huko, au huchoka ikashuka kama punje ya mahindi. Upuuzi. Ile ya AK-47 hutoka mtutuni kwa mita 715 hivi kwa sekunde, na inayoipunguza kasi zaidi ni hewa. Pasingekuwa na hewa, ingeweza kuruka kilomita 50, ikaipita Entebbe na kutumbukia ziwani. Kwa sababu ya hewa huishia kilomita mbili, tatu. Pigeni hesabu wenyewe kutoka Kampala Road hadi Kamwokya.

Imani hiyo ina chembe moja ya ukweli. Risasi iliyopigwa wima kabisa husimama huko juu, kisha huanguka, mara nyingi kitako kikitangulia. Julian Hatcher, afisa wa jeshi la Marekani, alikadiria kwamba risasi za bunduki yao zilirudi kwa mita 90 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo hupasua ngozi, na utosini inaweza kuua. Tena, ni askari gani anayekimbizana na vijana akakumbuka kunyoosha bunduki wima? Hupiga mshazari, na risasi ya mshazari haisimami popote. Huchora upinde ikizunguka, ncha mbele, ikashukia mtaa wa pili na nguvu ya kutoboa bati.

Haina haraka pia. Ikipigwa juu sana inaweza kukaa angani nusu dakika. Mlio umeshapita, kumetulia, watu wamejaa barazani na simu zao wanarekodi, nayo bado haijatua.

Basi, mkisikia milio ingieni ndani. Wa ghorofani washuke, dirisha liwe mbali, tofali au zege iwe kati yenu na barabara. Mwenye paa la bati ajibanze kwa jirani mwenye zege. Mlango wa gari si ngao. Aliyepigwa, kandamizeni jeraha kwa kitambaa bila kuachia, mkimbizeni hospitali ya Mulago kwa gari lolote. Msichokonoe kutafuta risasi. Madaktari wenyewe mara nyingi huiacha humo humo.