Ndugu Asimpande Ndugu: Somo la Vinasaba Kutoka kwa Kima wa Brazil

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza mbuzi wa biashara ni hili: "Afisa, beberu wangu ni mzuri, ana mwili, anapanda vizuri. Kwa nini nimbadilishe?" Jibu zuri linapatikana kwa mnyama ambaye hakuna anayemfuga hapa: tamarini simba wa dhahabu, kima mdogo wa Brazil asiyefika hata kilo moja.

Walibaki wachache

Kima hawa wanaishi kwenye misitu ya pwani ya jimbo la Rio de Janeiro. Misitu ilikatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kubaki kama 200 tu porini. Waliokuwa kwenye bustani za wanyama walikuwa wachache, na wakawa wanakufa kuliko wanavyozaliwa. Mtafiti Devra Kleiman wa bustani ya taifa ya wanyama mjini Washington akasimamia mpango wa kuwazalisha kwa utaratibu.

Shida ni kwamba ukianza na wanyama wachache, baada ya vizazi viwili au vitatu wote wanakuwa ndugu.

Undugu unaua vipi?

Kila mnyama ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Nakala mbovu huwa zipo, ila nakala nzima inazifunika. Ndugu wakizaliana, mtoto anaweza kupata nakala mbovu ileile pande zote mbili. Hapo hakuna cha kuifunika.

Mwaka 1979 Katherine Ralls na wenzake walichambua kumbukumbu za aina 16 za wanyama wenye kwato waliofugwa kwenye bustani. Katika aina 15, watoto waliozaliwa na ndugu walikufa zaidi. Baadaye waliangalia kima na jamaa zao, wakakuta mwelekeo uleule.

Wanavyopanga ndoa

Bustani zote zinazofuga tamarini hawa zinatumia daftari moja la ukoo. Kila mnyama ana namba, baba, mama na watoto wake. Kabla ya kuunganisha dume na jike, wanapima undugu wao. Anayepewa kipaumbele ni yule mwenye ndugu wachache katika kundi zima, hata kama hana umbo la kuvutia, maana vinasaba vyake ni adimu. Aliyezaa sana anapumzishwa. Wanyama huhamishwa kutoka bustani moja hadi nyingine, hata nchi hadi nchi.

Kuanzia 1984, waliozaliwa bustanini walianza kurudishwa msituni. Mwaka 2014 kima wa porini walikuwa kama 3,700. Homa ya manjano ikawashusha hadi 2,500 hivi, lakini sensa iliyotangazwa 2023 ilionyesha takriban 4,800.

Sasa piga hesabu ya zizi lako

Zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya madume na majike.

- Beberu 1 na majike 20: 80 ÷ 21 = karibu 4.
- Mabeberu 4 na majike 20: 320 ÷ 24 = karibu 13.

Maana yake, una mbuzi 21 kwa macho, lakini kwa vinasaba ni kama una wanne. Na beberu akimpanda binti yake, robo ya vinasaba vya mtoto inatarajiwa kuwa nakala pacha za babu huyohuyo. Ndipo unakuta watoto wanadumaa, majike hayashiki mimba, vifo vinaongezeka, nawe unalaumu chakula na dawa.

Fanya hivi

1. Weka hereni zenye namba, na daftari: namba, baba, mama, tarehe ya kuzaliwa.
2. Toa beberu kabla binti zake hawajaanza kupandwa. Kwa mbuzi wanaokua haraka, usingoje mwaka upite.
3. Tenga madume wadogo mapema. Wanaanza kupanda wakiwa na miezi minne hivi.
4. Badilishaneni mabeberu kwenye kikundi chenu, ila wapimwe afya na watengwe kwanza wiki tatu hadi nne.
5. Usinunue beberu na majike kwa mfugaji mmoja bila kuuliza ukoo.

Beberu wako mzuri hana kosa. Muuze au mbadilishe angali na thamani, akaanze kazi kwenye zizi ambalo hana binti.