Afisa wa Ustawi wa Jamii: Kumfundisha na Kumdumisha Kazini

Leo twapenda kuwaeleza habari za mtumishi mmoja ambaye wengi wetu hapa Songea hatumjui mpaka siku ya shida. Huyo ni Afisa wa Ustawi wa Jamii.

Kazi yake ni nini? Sheria ya Mtoto ya 2009 yasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, tena kwamba serikali ya mahali ina wajibu wa kulinda watoto wote wa eneo lake. Afisa huyu ndiye mkono wake. Mtoto akipigwa vibaya, au akiachwa bila mlezi, afisa huenda nyumbani, huuliza, husikiliza, kisha huandika taarifa itakayomsaidia hakimu kuamua mtoto akae na nani. Akikosea, mtoto aweza kurudishwa kwa mtu yule yule aliyemwumiza. Basi huruma peke yake haitoshi; mafunzo yatakiwa. Kwa ajili hiyo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya 1973.

Walakini kumfundisha mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumdumisha. Sisi walimu twajua hasara ya darasa linalobadilishiwa mwalimu mara tatu kwa mwaka. Na mtoto aliyeumizwa humtazama afisa siku nyingi kabla ya kumwambia siri yake. Afisa akihama, faili hubaki, lakini imani ile huondoka naye. Akija mgeni, mtoto hana budi kusimulia maumivu yake upya, au hunyamaza kabisa.

Mshahara mzuri wafaa, lakini si yote. Afisa aliyewekewa kata nyingi, asiye na chombo cha kumfikisha vijijini wakati wa mvua, naye abeba peke yake huzuni za watu, huchoka upesi. Apewe kazi kwa kiasi, usafiri, na msimamizi mzoefu wa kushauriana naye. Apewe na wasaidizi pia: tangu 2006 Taasisi ile ilishirikiana na Chuo cha Jane Addams cha Chicago, Marekani, wakafunzwa wanavijiji kutambua watoto wenye shida na kuwafikisha kwa afisa.

Nasi tuna sehemu yetu. Sheria yamtaka kila ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa atoe habari kwa serikali ya mahali. Tusimwachie afisa peke yake, maana mkono mmoja haulei mwana.