Kirilo Japhet na Shamba la Mnyonge

Wazee wetu walisema mnyonge hana haki. Hawakusema hivyo kwa kuupenda uonevu. Walisema kwa kuwa wameuona kwa macho yao. Walakini katika nchi hii alitokea mtu mmoja wa Jimbo la Kaskazini, Kirilo Japhet wa Meru, ambaye mwaka 1952 aliichukua methali hiyo, akavuka nayo bahari, akaenda kuiuliza dunia nzima kama ni ya kweli. Leo twamkumbuka hapa Ipagala, mbali na mlima wake, kwa sababu swali aliloliuliza yeye bado laulizwa kila mahali ambapo shamba la mtu mdogo hukutana na mpango wa mtu mkubwa.

Ili kumfahamu Kirilo hapana budi kwanza kuifahamu ardhi yake. Wadachi walipoitawala nchi yetu waliwapa walowezi mashamba makubwa chini ya Mlima Meru, na msitu wa juu wakaufanya hifadhi ya Serikali. Wameru wakabaki katikati, juu msitu, chini walowezi, huku watu na ng'ombe wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Palipobaki pa kupumulia palikuwa upande wa Ngare Nanyuki, na huko wananchi walichanga fedha wakanunua tena baadhi ya mashamba yaliyokuwa yamekwisha kumilikishwa wageni. Msomaji na afikiri: mtu anainunua kwa fedha yake ardhi ya babu yake, nayo baadaye anaambiwa aihame!

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1947, ilishauri Wameru waondolewe Ngare Nanyuki ili mashamba ya Wazungu yaungane bila kukatizwa, yawe ya kufuga ng'ombe wa maziwa na wa nyama. Wameru waliahidiwa ardhi nyingine huko Kingori. Wao wakajibu kwamba Kingori ni nchi ya joto na ya maradhi ya mifugo, na kwamba hata ingekuwa njema kiasi gani, wao hawakuomba kubadilishana.

Sisi tuliosomeshwa na wamisionari twaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno matamu, akaahidi shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa maana shamba lile halikuwa mali tu, lilikuwa urithi wa baba zake. Wameru wengi walikuwa Wakristo wa Kilutheri, nao habari hiyo waliisoma katika Kitabu kile kile walichokisoma watawala wao.

Mwezi Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapatao elfu tatu wakaondolewa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo yao ikaswagwa. Wameru hawakuinua mkuki. Walikuwa wamekwisha kupatana kwamba hawatapigana, wala hawatakubali kuhama kwa hiari, wala hawatapokea fidia, kwa kuwa anayepokea bei amekwisha kuuza. Twasema huo ulikuwa ushujaa wa namna ya pekee. Kumpiga adui ni rahisi kwa kijana mwenye hasira. Kusimama kimya mbele ya nyumba yako inayoungua, huku ukihesabu kilichopotea ili uje ukishitaki, ni kazi ya mtu mzima.

Kwa kuwa Tanganyika haikuwa koloni kamili, bali nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946, wananchi wake walikuwa na haki ya kuleta malalamiko mbele ya Baraza la Udhamini. Wengi hawakuijua haki hiyo, na wachache walioijua hawakuwa na nauli. Wameru, kwa umoja wao wa raia, walichanga senti kwa senti, maana haba na haba hujaza kibaba. Wakampata wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Na miongoni mwao wakamchagua Kirilo Japhet, mmoja wa viongozi wa umoja wao, aende New York akawe kinywa cha watu wa Ngare Nanyuki.

Hebu tuitazame safari hiyo kwa macho ya wakati ule. Mwafrika wa Tanganyika, asiye chifu wala mtumishi mkubwa wa Serikali, asimama mwaka 1952 mbele ya wajumbe wa mataifa, na upande wa pili wamekaa wawakilishi wa dola iliyoichoma nyumba ya jirani yake. Hakwenda kuomba huruma. Alikwenda na tarehe, na mipaka, na hesabu ya nyumba na mifugo. Mwenye nguvu anaweza kuubishia uchungu wa mtu. Hesabu iliyoandikwa vizuri ni shida kuibishia.

Je, alishinda? Katika kamati ya Baraza Kuu wajumbe wengi waliunga mkono azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini azimio hilo lilipofika katika kikao kizima mwezi Desemba 1952, halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajiwa. Likaanguka. Kirilo akarudi nyumbani bila ya ekari hata moja.

Wapo waliosema basi, methali imethibitika. La hasha! Hukumu ya siku moja si hukumu ya historia. Kirilo aliporudi alizunguka sehemu kadhaa za nchi akieleza aliyoyaona, na watu waliokuwa wakidhani kwamba uonevu wao ni bahati mbaya ya kabila lao peke yao walianza kufahamu kwamba jambo ni moja. Ngare Nanyuki ikawa jina lililosemwa na watu ambao hawajauona Mlima Meru maisha yao yote. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa, na mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere akaingia katika Baraza lile lile la Udhamini kuidai nchi nzima. Njia aliyoipita ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Kirilo mwenyewe akawa miongoni mwa viongozi wa chama huko Kaskazini, na mwaka 1967 yeye na Seaton walitoa kitabu juu ya shauri hilo, ili vizazi vijavyo visisimuliwe habari ya Wameru na wale waliowahamisha.

Na ule mpango wa mifugo je? Haukustawi kama ulivyotarajiwa, na mwishowe ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru. Sisi wa nyanda za kati hatushangai, maana miaka ile ile twaliona mambo kama hayo hapa petu. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa kwa matrekta na mamilioni ya fedha. Wagogo, wanaoijua mvua ya nchi hii na ukaidi wa udongo wake, hawakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni thelathini na sita hivi. Mpango usiomwuliza mwenye ardhi huanza kwa dhuluma, na mara nyingi humalizika kwa hasara.

Sasa tuseme yanayotuhusu. Mwaka 1973 taifa liliamua kuihamishia Makao Makuu Dodoma, likaunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mwaka 2017 Mamlaka hiyo ilivunjwa na Rais Magufuli, baada ya malalamiko ya miaka mingi ya wananchi juu ya viwanja na ardhi, na kazi zake zikakabidhiwa Halmashauri. Tangu hapo mji umekuwa Jiji, na mashamba ya mtama na ya mizabibu yanageuka kuwa viwanja na barabara.

Hatusemi kwamba kujenga Makao Makuu ni sawa na kuwahamisha Wameru. Kule ardhi ilichukuliwa kwa Mwafrika ikapewa Mzungu kwa sababu ya rangi. Hapa inatwaliwa kwa ajili ya taifa. Tofauti hiyo ni kubwa, na asiyeiona hataki kuona. Lakini bibi kizee anayekuta jiwe la mpaka limechimbiwa katikati ya mtama wake haulizi jiwe hilo limeletwa na rangi gani. Anauliza: mbona sikuulizwa? Nitalipwa nini, na lini? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekwisha kumjibu, kwa kuwa yataka fidia iwe kamili, ya haki, na itolewe upesi. Hayo maneno matatu yana uzito. Fidia kamili iliyochelewa miaka kumi si kamili tena, na fidia ya upesi isiyotosha kununua robo ya kilichotwaliwa si haki.

Kwa hiyo twawaambia wanachama na wafanyakazi wenzetu, mpima ardhi, karani wa masjala, mthamini, mwenyekiti wa mtaa: chama chetu ni mtoto wa malalamiko. Kabla ya kuwa na bendera kilikuwa na watu wenye karatasi mkononi wanaotaka kusikilizwa. Mwananchi anapokaa kwenye benchi la ofisi na jalada lake lililochakaa, akiambiwa aje kesho, na kesho aje mtondo, huyo amekalia kiti alichokalia Kirilo. Swali ni moja tu: sisi tumekaa upande gani wa meza?

Na kwa wananchi twasema, jifunzeni kwake. Andikeni. Tunzeni risiti na ramani na kumbukumbu za mikutano. Changeni pamoja, msemeni kwa sauti moja, wala msichoke kwa kuwa kura moja imeanguka. Kirilo Japhet alishindwa New York, na Ngare Nanyuki ni ya Wameru.