Kuandika yaliyompata mtu: tukio litangulie maelezo

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliangalia usaili, na namna ya kumwachia mtu asimulie bila kumtilia maneno mdomoni. Leo tunafika kwenye kazi ambayo wanafunzi wengi wa uzamili huiacha iwe ya mwisho na ya haraka: kuandika. Mahojiano yamenukuliwa, karatasi zimejaa meza, na mwanafunzi anaona kwamba kilichobaki ni kupanga mada na kubandika dondoo mbili tatu chini ya kila mada. Kumbe kwa anayetafiti uzoefu wa binadamu, sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza.

Max van Manen, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alilisisitiza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu utafiti wa uzoefu wa maisha. Kwake yeye, kutafiti na kuandika ni kazi moja. Mtafiti huanza kuelewa alichosikia pale anapohangaika kukiandika, akafuta, akaandika tena. Nakubaliana naye kabisa, na sababu yake inaonekana vizuri kwenye mfano.

Tuseme utafiti wetu unahusu wazazi wanaosubiri majibu ya vipimo vya watoto wao hospitalini. Mfano huu ni wa kubuni, lakini sentensi ifuatayo inafanana na zile zinazojaa katika tasnifu zetu: “Wasailiwa walio wengi walieleza kuwa walikuwa na hofu wakati wa kusubiri majibu.” Sarufi yake ni safi na huenda ni kweli. Hata hivyo, aliyeisoma hajajua lolote ambalo hakulijua kabla. Nani asiyejua kwamba mzazi huogopa?

Sasa tumsikie mama mmoja:

“Nilikaa kwenye benchi mkabala na mlango wa maabara. Kila ulipofunguliwa niliinua kichwa. Muuguzi akatoka na karatasi, akaita jina, halikuwa la mwanangu. Nikamkazia macho usoni nione kama anajua kitu. Mtoto akaniambia, ‘Mama, maji.’ Nikamwambia asubiri tukirudi nyumbani. Chupa ya maji nilikuwa nimeishika mkononi.”

Neno hofu halimo. Lakini hofu tumeiona inavyofanya kazi. Van Manen anapendekeza tuuangalie uzoefu wowote kwa pande nne: mahali, mwili, wakati na uhusiano wa mtu na wenziwe. Hapa zote zimo. Ukumbi mzima wa hospitali umebaki mlango mmoja. Mkono umeshika chupa na mwenye mkono hana habari. Wakati hauhesabiwi tena kwa saa ya ukutani, unahesabiwa kwa mlango kufunguliwa. Muuguzi, ambaye siku nyingine angekuwa mtu wa kusalimiana naye, amegeuka uso wa kupekuliwa. Na lililo zito kuliko yote: mama aliyekuja pale kwa ajili ya mtoto anamjibu mtoto huyo aliye ubavuni mwake bila kumsikia kweli. Jambo hilo lisingejulikana kwa kuhesabu wangapi walisema waliogopa. Limejulikana kwa sababu tukio liliandikwa lilivyotokea, kisha likasomwa kwa makini.

Basi kisa cha namna hii kinaandikwaje? Kiwe kifupi, cha tukio moja. Kianzie karibu na kiini chake. Habari za kupanda daladala asubuhi ziachwe kama hazihusiki. Kibebe vitu vinavyoonekana na maneno yaliyotamkwa kweli. Maoni ya msimuliaji kuhusu huduma za afya yana mahali pake, lakini si hapa. Na tukio likifika kilele, nyamaza. Uchambuzi uje baadaye, katika aya yako mwenyewe, ili msomaji ajue wapi sauti ya msimuliaji inaishia na wapi yako inaanza.

Kielelezo kizuri cha uandishi huu ni insha ya Jan Hendrik van den Berg, daktari Mholanzi wa magonjwa ya akili, kuhusu kitanda cha mgonjwa, aliyoiandika miaka ya 1950. Anaanza na mtu anayeamka hajisikii vizuri na kulazimika kurudi kitandani. Sauti za nyumbani na za mtaani anazisikia kama kawaida, ila sasa zinaendelea bila yeye. Katika maelezo hayo hakuna jina la ugonjwa wala takwimu, na bado aliyewahi kulazwa huyakubali. Mwanazuoni mwenzake Mholanzi, Buytendijk, alilichukua jambo hilo kuwa kipimo: maelezo yakiwa sahihi, msomaji huitikia kwa kichwa kwa kuyatambua.

Kipimo hicho kina hatari yake. Mwandishi hodari anaweza kumfanya msomaji aitikie kwa kichwa jambo ambalo msimuliaji hakulisema. Ruhusa yetu ni kupunguza na kupanga. Kuongeza hatuna ruhusa. Kisa kikishakaa sawa, kirudishwe kwa mwenyewe akisikie na aseme kama ndivyo ilivyokuwa. Na kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika “mjane anayeuza vitumbua karibu na kivuko” katika mji mdogo, umemtaja.

Msimuliaji pia abaki na usemi wake. Miaka ya 1970, mwanahistoria Margaret Strobel alirekodi masimulizi ya maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa. Yeye na Sarah Mirza waliyahariri, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Hawakuishia hapo. Mwaka 1991 likatoka toleo la Kiswahili, na watu wa Mombasa wakaweza kuwasoma bibi zao kwa lugha waliyosimulia. Deni la namna hiyo linamhusu kila mtafiti anayesaili kwa Kiswahili na kuandika tasnifu kwa Kiingereza. Angalau visa vyenyewe aviweke kwa lugha iliyotumika kuvisimulia, na tafsiri ifuate.

Kabla ya Jumapili ijayo, chukua ukurasa mmoja wa mahojiano yako. Tafuta mahali ambapo msimuliaji ameacha kutoa maoni akaanza kueleza lililotokea. Liandike tukio hilo kwa mistari isiyozidi kumi, bila kutaja jina la hisia yoyote. Sehemu ya tatu itaeleza jinsi visa kadhaa vya namna hiyo vinavyowekwa pamoja mpaka mada ikajitokeza yenyewe.